Nyumba ya Bwana na Kambi ya Kibarua: Kwa Nini Tuwapeleke Wanafunzi Wetu Karen na Mtoni

Makala haya yametokana na mjadala unaojirudia katika idara yetu kila tunapoandaa bajeti ya ziara ya mafunzo. Upande mmoja wapo wanaosema kwamba mwanafunzi wa Kiswahili kutoka Arua, Koboko au Maracha apelekwe pwani akaisikie lugha ikizungumzwa na wenyewe, basi. Upande wa pili wapo wanaouliza, na swali lao si la mzaha: mtoto wa Adumi ana uhusiano gani na nyumba ya mkulima wa Kizungu pale Nairobi, au na magofu ya kasri la Sultani kule Unguja? Nauli ya basi zima kwenda na kurudi ingetosha kununulia kila mwanafunzi kamusi. Sisi tumesimama na wale wanaotaka safari ifanyike. Hata hivyo, hatukubaliani na sababu inayotolewa kwa kawaida, yaani kwamba nyumba hizo ni urithi wetu na ni nzuri kutazamwa. Tunaona kwamba nyumba hizo zimehifadhi upande mmoja tu wa hadithi, na upande wake wa pili uko huku kwetu, vichwani mwa wazee wanaozidi kupungua.

Kabla ya kuendelea, tuweke wazi jambo moja dogo la msamiati, maana limewahi kuzua kicheko darasani. Tunaposema mwenye shamba hatumaanishi bwana shamba. Bwana shamba, kama kila msomaji ajuavyo, ni ofisa wa kilimo anayezunguka vijijini akiwashauri wakulima juu ya mbegu na mbolea. Huyo hakuwa na jumba. Tunayemzungumzia hapa ni yule aliyemiliki ardhi kubwa iliyolimwa na watu wengine, wawe watumwa, maskwota au vibarua, naye akajenga nyumba iliyobaki imesimama baada ya wote hao kuondoka. Adumi haikupata kuwa na mtu wa namna hiyo, ila ilimpelekea wafanyakazi.

Tuanze na Karen, kwa kuwa ndiyo nyumba ya shamba kubwa inayojulikana zaidi katika Afrika Mashariki. Nyumba yenyewe ilijengwa mwaka 1912 na Mswidi aitwaye Åke Sjögren, chini ya vilima vya Ngong. Mwaka 1917 ikawa makazi ya Karen Blixen, mwanamke wa Kidenishi, pamoja na mumewe Bror. Shamba lilikuwa na ekari zipatazo 6,000, na kati ya hizo ekari kama 600 ndizo zilizopandwa kahawa. Kahawa haikustawi, kwani mahali pale ni juu mno kwa zao hilo na mvua haikutosha. Kiwanda cha kukobolea kikaungua mwaka 1923. Mwaka 1931 kampuni ikauza kila kitu, ardhi ikakatwa viwanja, na mtaa wa matajiri ukazaliwa. Kama jina la mtaa huo limetokana na mwanamke huyo au na kampuni ya kahawa iliyoitwa vilevile Karen, wenyeji wa Nairobi bado wanabishana, nasi hatutawaamulia. Baada ya Kenya kupata uhuru, serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuikabidhi kwa serikali ya Kenya, uwanja wake ukatumiwa na chuo cha lishe, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Tarehe hiyo ina maana yake. Filamu iliyotokana na kitabu cha Blixen ilikuwa imetoka mwaka uliotangulia, 1985, na watalii walikuwa wamekwisha kuanza kuulizia nyumba iko wapi. Baadhi ya vitu anavyooneshwa mgeni leo vilitolewa na watengenezaji wa filamu hiyo.

Mgeni akiingia huona ukuta wa mawe, paa la vigae, baraza inayotazama Ngong, vyumba vilivyofunikwa kwa mbao, vitabu, meza ya chakula iliyoandaliwa kana kwamba wageni wanashuka garini sasa hivi. Jikoni ni jengo la pembeni. Huko ndiko alikopikia Kamante Gatura, mtoto wa Kikuyu aliyeletwa akiwa na vidonda miguuni, akatibiwa, akafundishwa mapishi ya Kizungu hata akawa mpishi hodari. Msimamizi wa nyumba alikuwa Msomali, Farah Aden. Hapa mwalimu wa Kiswahili ana jambo la kuwaambia wanafunzi wake. Watu hawa watatu, Mdenishi, Mkikuyu na Msomali, hakuna aliyekuwa na lugha ya mama moja na mwenzake. Mambo ya nyumba ile, kuanzia hesabu ya maziwa hadi habari za misiba, yalipita kwa kiasi kikubwa katika Kiswahili. Hakikuwa Kiswahili cha Mvita wala cha Unguja. Kilikuwa kile cha amri fupi ambacho walowezi walikisema bila kujali ngeli, nasi walimu tumezoea kukidharau. Tunakidharau kwa haki, pengine, lakini kilikuwa lugha ya kazi ya maelfu ya watu, na nyumba ile ni mahali pazuri pa kukifundisha kama sura ya historia ya lugha badala ya kukitaja kama kichekesho.

Na ni nani alilima kahawa? Ndani ya shamba waliishi Wakikuyu walioitwa maskwota. Walikuwa na haki ya kujenga, kulima vipande vyao na kuchunga mifugo, na kwa malipo ya haki hiyo walimfanyia mwenye shamba kazi. Sheria ya mwaka 1918 iliweka kiwango kisichopungua siku 180 kwa mwaka. Tunapowaeleza wanafunzi jambo hili huwa tunawataka wapige hesabu wenyewe: siku 180 ni nusu ya mwaka, na mara nyingi ardhi iliyohusika ilikuwa ya wazazi wa wanaofanya kazi kabla haijapimwa na kuuzwa. Shamba lilipouzwa, maskwota waliamriwa kuondoka. Tumpe Blixen haki yake: alihangaika katika ofisi za serikali hadi akaahidiwa kwamba watu hao wangepewa mahali pa kukaa pamoja badala ya kutawanywa. Lakini makao yao wenyewe hayakuhifadhiwa. Nyumba ya udongo na nyasi haidumu kama ya mawe, hilo ni kweli, ila pia hakuna serikali ya nje iliyojitokeza kuinunua na kuikabidhi kwa mtu.

Kamante alikuwa na bahati ambayo wengine hawakuipata. Mwaka 1975 masimulizi na michoro yake ilikusanywa na mpiga picha wa Kimarekani, Peter Beard, ikachapishwa kuwa kitabu, hivyo mpishi naye akapata kuisimulia nyumba ile aliyoipikia. Tunawashauri wenzetu wasiingie Karen na wanafunzi kabla ya kuwaeleza habari za vitabu vyote viwili, kile cha bibi na kile cha mpishi.

Tuvuke sasa kwenda Unguja. Huko nyumba ni za zamani zaidi na utumwa ulikuwa utumwa wenyewe, bila jina la kuupamba. Seyyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Zanzibar kutoka Maskati katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na karafuu ikawa zao kuu la Unguja na Pemba. Kasri lake la Mtoni, kaskazini ya mji, ndilo alikozaliwa binti yake Salme mwaka 1844. Salme aliandika baadaye kwamba Mtoni walikaa watu wapatao 1,000, na wengi wa watu hao walikuwa watumishi na watumwa. Leo ni magofu: kuta, matao, mabaki ya mahamamu, na bahari palepale mlangoni. Kidichi, juu ya kilima, mahamamu aliyojengewa mke wa Kiajemi mwaka 1850 bado yamesimama. Marahubi, kasri alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1882, liliungua mwaka 1899 na kubakiza nguzo. Mgeni anaweza kuyazungukia yote matatu kwa siku moja ya dala dala na miguu, na jioni akafika Forodhani akiwa na njaa ya kutosha.

Habari za Salme zinastahili kusimuliwa kwa kirefu kidogo. Mama yake alikuwa suria kutoka nchi ya Wacherkesi. Baba alipofariki mwaka 1856 binti alirithi mashamba, kwa hiyo tangu ujana wake alikuwa mwenye shamba. Mwaka 1859 aliingia katika njama za Barghash dhidi ya kaka yao Majid, akiwa mwandishi wa barua za waasi, maana alijifunza kuandika kwa siri, jambo ambalo wasichana wa nyumba ile hawakuruhusiwa. Mwaka 1866 alitoroka akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Kijerumani, akabatizwa Aden na kuolewa, akawa Emily Ruete. Mumewe alikufa mwaka 1870 huko Hamburg katika ajali ya tramu. Mwaka 1886 alichapisha kwa Kijerumani kumbukumbu za maisha yake, na hadi leo hakuna chanzo kinachotufikisha ndani ya nyumba za masultani kama hicho. Alifariki mwaka 1924. Kasri la pwani ya Mji Mkongwe lilipofunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1994, alitengewa chumba chake.

Mwanamke huyu ni shujaa wa wengi, na darasani wasichana humpenda mara moja. Lakini katika kitabu hichohicho anautetea utumwa. Anasema kwamba wa Mashariki haukuwa kama wa Marekani, na kwamba Wazungu hawakuuelewa. Mwaka 2019 mji wa Hamburg uliupa uwanja mmoja jina lake, na mwaka uliofuata wenye mamlaka wa mtaa ule wakaamua jina hilo liondolewe kwa sababu hiyo. Wanafunzi wetu waligawanyika sana tulipowaeleza. Mmoja aliuliza kama inafaa kumhukumu mtu wa 1886 kwa macho ya leo. Mwenzake akajibu kwamba mwaka huo walikuwapo pia watu waliojua kuwa utumwa ni ubaya, wa kwanza wao wakiwa watumwa wenyewe. Hatujapata bado kusikia jibu zuri zaidi ya hilo kutoka kwa mhadhiri yeyote.

Katika mashamba ya karafuu kulikuwa na desturi ya mtumwa kufanya kazi ya bwana siku tano na kuachiwa Alhamisi na Ijumaa alime chake. Watetezi wa mfumo huo huitaja desturi hiyo kama huruma. Sisi tunaiona kama hesabu: mtu anayejilisha mwenyewe kwa siku mbili humgharimu bwana kidogo. Dhoruba ya Aprili 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Mwaka uliofuata soko la watumwa lilifungwa. Utumwa wenyewe ulipoteza nguvu ya sheria mwaka 1897, lakini mtumwa alitakiwa aende mahakamani kuomba uhuru wake na aeleze atakaa wapi na atakula nini, na masuria waliachwa nje ya sheria hiyo hadi mwaka 1909. Kuna mtu atakayesimama katika magofu ya Mtoni akaliona hilo? Kuta hazisemi. Ni lazima mwalimu aseme.

Hapa tunafika kwenye hoja inayotuhusu sisi walimu wa lugha hasa. Kinachokosekana katika nyumba hizi mara nyingi kimebaki ndani ya maneno. Chukua kibarua. Kila mwanafunzi anajua kuwa ni kazi ya kutwa au mtu anayeifanya. Wachache huona kwamba ndani yake mna barua. Kibarua kilikuwa karatasi ndogo, cheti alichopewa mfanyakazi kuthibitisha kwamba ameimaliza kazi ya siku na anastahili ujira. Katika miji ya pwani ya karne ya 19 wengi walioitwa vibarua walikuwa watumwa waliopangishwa na mabwana zao, na ujira wao waligawana na bwana. Jina la karatasi likahamia kwa mtu aliyeishika. Au chukua kipande. Katika Kenya ya kikoloni mwanamume Mwafrika alilazimika, kuanzia miaka ya mwisho ya 1910, kubeba cheti chenye alama za vidole na rekodi ya waajiri wake, ndani ya mkebe wa chuma alioning'iniza shingoni. Kipande kikawa pia ni kadi ya siku 30 za kazi, ambayo kila siku iliyokamilika ilitiwa alama, na siku ambayo nyapara hakuridhika nayo haikutiwa. Nyapara naye ametoka mbali: mnyampara wa misafara ya Wanyamwezi, kiongozi wa wapagazi, akageuka kuwa msimamizi wa vibarua na baadaye wa wafungwa.

Posho je? Huku Uganda posho ni chakula chenyewe, ule unga wa mahindi uliosongwa ambao Mtanzania na Mkenya huuita ugali. Mwanafunzi wetu akisafiri Dodoma na kusikia wabunge wakidai posho hudhani wana njaa. Lakini maana ya awali ilikuwa sehemu ya chakula anachopimiwa mpagazi, askari au mfanyakazi. Kwa kuwa katika kambi za Uganda alichopimiwa mtu kila wiki kilikuwa unga wa mahindi, jina la kipimo likawa jina la chakula. Kila mchana katika mabweni ya shule zetu za sekondari watoto hupanga foleni wakingoja mgawo wa kambini, wala hakuna anayelijua hilo.

Ndugu zetu wa ng'ambo wamelipitia suala hilihili. Huko Louisiana, Marekani, nyumba nyingi za mashamba ya miwa na pamba zimekarabatiwa, watu wakafanyia harusi, na kwa miaka mingi wageni walioneshwa samani na maua. Mwaka 2014 ilifunguliwa Whitney, shamba la zamani la miwa, ambapo ziara huanza na watumwa: majina yao yamechongwa ukutani, na mgeni huyafikia makazi yao kabla ya jumba la bwana. Mei 2025 moto uliteketeza Nottoway, mojawapo ya majumba makubwa kabisa ya aina hiyo, lililojengwa mwaka 1859. Wapo waliolia na wapo waliosherehekea waziwazi. Sisi hatungesherehekea. Jumba likiungua, ushahidi wa kazi ya mikono ya watumwa walioligharimia kwa jasho lao unaungua nalo. Tuliona Beit al-Ajaib ya Zanzibar, jengo la mwaka 1883, likiporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020 wakati likikarabatiwa, na watu wakapoteza maisha. Vitu vya namna hii vikianguka havirudi.

Sasa turudi nyumbani. Wilaya ya West Nile iliingia Uganda ikiwa imechelewa. Sehemu hii ilikuwa chini ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika eneo la Lado tangu 1894, akafa 1909, ikapita Sudan mwaka 1910, na mwaka 1914 ikaunganishwa na Uganda na boma likawekwa Arua. Kufikia miaka ya 1920 kusini mwa nchi kulikuwa na pamba, kahawa na, muda si muda, miwa. Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda cha sukari Lugazi mwaka 1924, na Muljibhai Madhvani akaanza kutengeneza sukari Kakira, karibu na Jinja, mwaka 1930. Miwa inahitaji watu wengi na kazi yake inachosha, na Waganda waliokuwa na ardhi na pamba yao hawakuitaka. Watu walitafutwa mbali: Rwanda, Burundi, na huku kwetu. Serikali yenyewe, katikati ya miaka ya 1920, iliona heri pamba isihimizwe mno katika wilaya za mbali, zisije zikaacha kutoa vibarua. Kodi ililipwa kwa fedha. Asiyekuwa na zao la kuuza angezipata wapi fedha hizo, isipokuwa kwa kuuza miezi ya maisha yake?

Njia waliyoifuata ingestahili makumbusho peke yake. Mlugbara aliyeandikishwa Arua alishuka hadi Rhino Camp kwenye mto Nile. Hapo alipanda meli kuelekea Pakwach na Ziwa Albert hadi Butiaba. Kutoka Butiaba alipelekwa kwa barabara hadi Masindi, kisha Masindi Port, akapanda meli nyingine kuvuka Ziwa Kyoga hadi Namasagali, na mwisho treni hadi Jinja. Alipofika alikuta mistari ya nyumba za chumba kimoja kimoja, mgawo wa unga, kengele alfajiri, na watu wasioelewana naye kwa lugha. Nyapara anaweza kuwa Mjaluo, jirani Mnyarwanda, fundi wa kiwanda Mgujarati. Wote hao walikutana katika Kiswahili.

Tunalitilia mkazo jambo hili kwa sababu katika vitabu vingi vya historia ya Kiswahili nchini Uganda tunasoma juu ya jeshi peke yake. Ni kweli askari wa Emin Pasha, ambao Lugard aliwachukua mwaka 1891, ndio chimbuko la Wanubi, na ni kweli kwamba vijana wa Koboko na Arua walijaa katika KAR ambako amri zilitolewa kwa Kiswahili. Mapendekezo ya Gavana Gowers ya mwaka 1927 ya kukieneza Kiswahili mashuleni yalikataliwa Buganda, Kabaka Daudi Chwa akiwa mstari wa mbele, na mojawapo ya sababu zilizofanya kisitakiwe ni kwamba kilionekana lugha ya watu wasio na kwao. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa miaka mingi baada yake kikanuka bunduki katika pua za watu wa kusini. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima. Katika masimulizi haya yote kibarua wa miwa hayumo. Lakini wanaume waliorudi Adumi, Aroi au Oluko baada ya misimu miwili mitatu hawakurudi na baiskeli na blanketi tu. Walirudi na lugha, wakaitumia sokoni, na upande wa pili wa mpaka, umbali wa kutembea kwa miguu, wakaikuta kwa ndugu zao wa Kongo waliokuwa wakisema Kingwana. Hata katika habari za Amin mwenyewe shamba la miwa limo: baadhi ya waandishi wa wasifu wake wanasema mama yake aliishi kwa muda katika makazi ya Lugazi. Mwaka 1972 ni yeye aliyewafukuza Waasia, wakiwamo wenye viwanda hivyo, uzalishaji ukaporomoka, na familia ya Madhvani haikuanza kurejea Kakira hadi miaka ya 1980.

Wanafunzi wetu wengi, ukiwauliza, wana babu au babu wa babu aliyekwenda kusini. Hawasemi mpaka waulizwe. Kuna aibu ndani yake, nadhani aibu ileile inayowafanya waseme kwamba Kiswahili chao ni kibovu. Katika nyumba moja tuliyoitembelea, ambayo hatutaitaja, mwongozaji alitumia saa nzima akituonesha vyombo vya fedha, na alipoulizwa wafanyakazi walilala wapi alinyosha mkono kuelekea uzio, akasema huko nyuma, kisha akaendelea na vyombo. Kijana mmoja kutoka Adumi, mpole wa darasani, aliachana na kundi akaenda mpaka kwenye uzio. Hakukuwa na kitu, ni nyasi tu. Aliporudi akatuambia kwa Kiswahili safi kuliko alichowahi kukisema darasani kwamba babu yake alilala katika nyumba za namna hiyo Kakira miaka minne, watu sita chumba kimoja, na kwamba hakuna aliyewahi kumwuliza. Tangu siku hiyo tumebadilisha kazi tunayowapa wanafunzi baada ya ziara. Hatutaki tena maelezo ya usanifu wa nyumba, ingawa Lamu bado tunaifundisha kwa ajili ya daka, zidaka na wikio, maana msamiati huo utaupata wapi kwingine. Tunataka kila mmoja arudi kijijini kwao, amsalimie mzee kwa heshima anayostahili, akae, asikimbilie kalamu, na amwombe asimulie: alisafiri vipi, alilipwa nini, nyapara aliitwa nani, neno gani la Kiswahili lilikuwa la kwanza kuingia masikioni mwake. Lugha ya masimulizi iwe ile anayoitaka mzee, Kilugbara au Kikakwa, na maneno ya Kiswahili yaliyomo yaandikwe jinsi anavyoyatamka, bila kusahihishwa.

Neno lililojitokeza mara nyingi kuliko yote hatukulitarajia. Ni lejaleja. Huku kwetu, na kaskazini yote ya Uganda, kwenda lejaleja ni kwenda kulima shamba la mtu mwingine kwa malipo ya siku. Akina mama huenda lejaleja msimu wa palizi, na wakimbizi kutoka Sudan Kusini waliopewa makazi West Nile nao wamelichukua. Wengi hudhani ni neno la Kiacholi au Kilugbara. Tunaelekea kuamini kwamba ni rejareja ya dukani: bidhaa ikiuzwa kidogo kidogo, kwa kipimo, si kwa gunia. Mzee mmoja alipoulizwa kwa nini kazi iitwe hivyo alishangaa kidogo kwamba mtu aliyesoma analiuliza hilo. Kakira uliuza mwaka mzima, akasema, ukaandikwa kwenye karatasi. Hapa nyumbani unauza siku moja moja.